Magunia Kumi na Mawili

Mbande, Temeke
14 Januari 2024

Wifi Editha,

Shikamoo. Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Kwenye simu sie wawili hatuwezani. Krismasi ulinikatia wewe, Mwaka Mpya nikakukatia mie. Barua haikatiki. Ukikasirika utaikunja, na ukishaikunja itakaa hapo mezani ikikungoja.

Jana nilikuwa napalilia mchicha pembeni ya majaruba ya mpunga. Akaja Bwana Gozbert, yule anayejenga maghala ya kupangisha huku kwetu, na fundi mwenye futi. Wakapita juu ya matuta na viatu vyao vya ngozi, wanapima. Nikawauliza, "Jamani, mnapima nini?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, muulize wifi yako wa Mbarali. Tumeshaongea."

Wifi, mie nimelima shamba hili miaka kumi na minne, tangu siku nilipoolewa na mdogo wako. Leo habari ya kuuzwa kwake naipata kwa mpita njia?

Najua marehemu mama aliwaachia nyie wawili, wewe na Cyprian, na karatasi unayo wewe. Mie sina changu pale. Lakini tunakula pale. Mie, mume wangu na watoto watatu. Kwa hiyo nakuomba, tena nakuomba nikiwa nimepiga magoti japo huoni: usiuze.

Cyprian anakusalimu. Kazi ya vinyago imemzidi, hata muda wa kushika simu hana.

Wako,
Rosalia


Ubaruku, Mbarali
27 Januari 2024

Rosalia,

Marahaba. Umeanza kwa barua, nami nitajibu kwa barua.

Nauza. Lile ni shamba la robo tatu ya eka linalotoa magunia sita ya mpunga, tena mwaka ukiwa mzuri. Kila Januari unakwenda Buguruni kununua mchele kama mtu asiye na shamba. Sasa hilo ni shamba au ni adhabu ya mgongo? Mama alilima pale miaka ishirini na sita. Alipofariki, mimi ndiye niliyefunua ndoo ya mchele jikoni mwake. Ndani kulikuwa na kikombe kimoja. Kikombe kimoja, Rosalia, baada ya miaka ishirini na sita.

Huku ninakofundisha, mtu mwenye eneo kama hilo anavuna mara tatu yenu. Nyinyi mnamwaga mbegu kama mnalisha kuku, halafu mnamwachia Mungu.

Nisije nikaambiwa nimewanyang'anya watoto chakula. Nimepiga hesabu. Watu watano, kula mwaka mzima bila kununua, wanahitaji magunia kumi na mawili. Vuna kumi na mawili mwaka huu na sitauza. Ukivuna kumi na moja, Bwana Gozbert ataingia mwezi wa nane.

Na mwambie Cyprian aniandikie. Miezi mitano sijasikia sauti yake. Hakuna kazi isiyompa mtu dakika tano katika miezi mitano. Tangu zamani nilisema umemfungia ndani huyo mtoto.

Editha


Mbande
10 Februari 2024

Wifi, shikamoo.

Kumi na mawili. Nimesikia.

Sasa hao wa kwako wanafanyaje? Niandikie yote, tangu mbegu mpaka ghalani, usiniruke hata hatua moja kwa kuona mie mjinga. Sitaki huruma, nataka maelekezo. Mvua za masika zikianza sitakuwa na muda wa kukuuliza mara mbili.

Rosalia


Ubaruku
19 Februari 2024

Rosalia,

Mimi ni mwalimu wa hisabati, mpunga siujui. Kwa hiyo jana nilivua viatu nikaingia majarubani kwa jirani yangu Mama Tupokigwe. Haya ni maneno yake, mimi nimeyaandika tu.

Kwanza chagua mbegu. Chukua ndoo ya maji, tia chumvi, tumbukiza yai bichi. Yai likizama, ongeza chumvi mpaka lielee. Toa yai, mimina mbegu. Zinazoelea ni mapepe, wape kuku. Zilizozama zisuuze mara tatu chumvi iishe, ziloweke siku nzima, kisha zifunike kwenye gunia bichi zipate joto mpaka mizizi ichungulie.

Sia kwenye kitalu kidogo, kama ukubwa wa kitanda. Utahitaji debe moja tu kwa shamba lote, siyo matatu. Miche ikifikisha siku kumi na mbili, ing'oe na udongo wake, usiikung'ute. Panda siku hiyo hiyo, mche mmoja mmoja. Nimemuuliza mara mbili: ndiyo, mmoja. Funga mafundo kwenye kamba kila sentimita ishirini na tano, yaani rula ya mtoto wa shule ukiipunguza kidogo, upande kwa mstari.

Maji yasisimame muda wote. Acha jaruba likauke mpaka udongo uanze kupasuka, ndipo urudishe maji. Mama Tupokigwe anasema mzizi ukikosa maji juu unayafuata chini, na mpunga wenye mizizi mirefu hauogopi kitu.

Palilia mapema na mara nyingi. Ndiyo gharama yake.

Cyprian bado hajaniandikia.

Editha


Mbande
1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka

Wifi Editha,

Shikamoo, na heri ya Pasaka.

Tumepanda. Siku nne, mgongo ulikuwa wa moto kama pasi. Siku ya kwanza niliposimama kwenye tuta kutazama nilichofanya, nusura nilie. Hakuna kitu! Vijiti vya kijani vimesimama mbalimbali kwenye tope kama wanafunzi waliofukuzwa darasani. Mama Albano wa jaruba la pili alicheka mpaka akashika kiuno. "Rosalia, hili ni shamba au kipara?" Bonde zima wakaja kutazama kipara. Wakati huo wao walishamwaga mbegu zao, kumekuwa kijani kama zulia.

Usiku sikulala. Nilisema wifi amenipata, amenitega nishindwe kwa mikono yangu mwenyewe. Nisamehe, nilisema hivyo.

Lakini jana baada ya misa nilipita. Nilichuchumaa nikahesabu kwenye mche mmoja tu: machipukizi kumi na tisa! Kutoka kwenye mbegu moja. Nikahesabu wa pili, ishirini na moja. Mama Albano naye akaja, safari hii hakucheka. Alichuchumaa upande wa pili, akahesabu kwa sauti, alipomaliza akahesabu tena.

Madebe mawili ya mbegu yaliyosalia tumeyatwanga tukala. Sikufichi hilo, nisije nikaonekana mwizi wa mbegu za mama.

Cyprian hayupo, amepata oda ya vinyago Bagamoyo. Akirudi ataandika.

Rosalia


Ubaruku
18 Aprili 2024

Rosalia,

Redio inasema mafuriko, Dar es Salaam na pwani yote. Bwana Gozbert kanipigia: anasema bonde limekuwa ziwa, shamba halionekani, na ni bora tumalizane Mei. Nimemwambia nitafikiri.

Lakini siandiki kwa ajili ya maji. Nilimpigia Valerian, mchongaji mwenzake Cyprian pale Mwenge. Anasema Cyprian hajakanyaga kibandani tangu Agosti mwaka jana. Hakuna oda ya Bagamoyo. Mmoja wenu ananidanganya, na barua zote zimeandikwa na wewe.

Kama mdogo wangu ameondoka nyumbani kwa sababu yako, nataka kulisoma hilo kwenye barua itakayofuata.

Editha


Mbande
27 Aprili 2024

Dada Editha,

Shikamoo. Mwandiko huu usikutishe. Si wa mtoto, ni wangu. Ni mkono wa kushoto, na barua hii nimeiandika siku tatu.

Agosti mwaka jana nilikuwa kibandani na patasi mkononi, nikaona patasi imeanguka. Nikainama kuiokota, nikaanguka na mie. Kiharusi. Mguu umerudi, natembea na fimbo. Mkono wa kulia bado unafikiria.

Rosalia alitaka kukupigia siku ile ile. Mie ndiye niliyemkataza, tena nilimwapisha. Dada, wewe ulinilea. Uliacha kununua viatu ili mie nivae sare. Niliona aibu uje uanze upya kunilea nina miaka arobaini na moja. Kwa hiyo matusi yote uliyompa kwenye simu alikuwa anayameza kwa ajili yangu, halafu anakata ili asije akajibu. Tangu Agosti nyumba hii inakula kwa mikono ya mtu mmoja, na huyo mtu si mie.

Sasa habari ya mafuriko, maana yeye hatakwambia vizuri. Maji yaliingia Jumamosi ya tarehe kumi na tatu. Mfereji wa bonde ulizibwa na vifusi vya viwanja vipya pale chini, maji yakakosa pa kutokea. Siku ya pili mpunga wetu ulikuwa ndani kabisa. Rosalia alichukua jembe akaenda peke yake kuzibua. Nilisimama kwenye tuta na fimbo yangu, na sijawahi kujichukia kama siku ile.

Halafu nikamwona Mama Albano anashuka na jembe. Nyuma yake jirani yetu Kornelio, nyuma yake wakina mama wengine, nilihesabu kumi na saba. Wote wale waliocheka kipara. Walichimba tangu asubuhi mpaka adhuhuri wakiwa ndani ya maji mpaka mapajani. Vifusi vilipoachia, maji yalitoka na kishindo, Mama Albano akapiga kigelegele kama yuko harusini.

Bonde lilipoonekana, mazulia ya kijani ya watu yalikuwa yamekunjwa yamekwenda na maji, nusu nzima. Mpunga wetu ulikuwa umelala matope, lakini umeshika. Tumepoteza jaruba moja kati ya tisa. Siku ya nne mpunga uliinuka, dada. Niliuona ukiinuka.

Ukitaka kuuza, uza, ni haki yako. Lakini usiuze kwa kudhani mke wangu ameshindwa.

Mdogo wako,
Cyprian


Ubaruku
6 Mei 2024

Cyprian, mdogo wangu, na Rosalia,

Nimeisoma barua darasani mbele ya wanafunzi, nikawaambia wasome kimya nami nikatoka nje.

Cyprian, na wewe nitakugombeza nikifika, siyo kwenye karatasi.

Rosalia, kuna jambo sijamwambia mtu. Uliponiandikia kwamba mmetwanga mbegu mkala, niliiweka barua chini, sikuweza kuendelea.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alikwenda Masasi kwenye msiba wa bibi, akaniacha na Cyprian, ana miaka miwili. Alisema siku nne, zikawa tisa. Unga uliisha siku ya tano. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Kwenye mtungi chini ya kitanda kulikuwa na mbegu, na nilijua ni mbegu. Nilizitwanga, nikapika, tukala mpaka mtungi ukaisha. Mama aliporudi alitazama ndani ya mtungi, akanitazama mimi, akauliza, "Mmeshiba?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi vizuri." Hakuwahi kulisema tena. Mwaka ule hakupanda, na mwaka uliofuata alipanda mbegu za kuomba, mbovu, na kila mwaka akawa anafukuzia mwaka ule uliopotea. Nilipofunua ndoo nikakuta kikombe kimoja, sikuona shamba lililotunyima. Nilimwona mtoto wa miaka kumi na mmoja anayetwanga.

Ndiyo maana nilitaka liuzwe. Nilitaka lisiwepo.

Sharti langu liko pale pale, magunia kumi na mawili, kwa sababu usipoyapata mtalala njaa, na njaa haisikilizi huruma yangu. Lakini nikifunga shule mwezi wa sita nakuja. Nitakuwa na wiki tatu. Niandalie mahali pa kulala na uniambie ndege wanaokula mpunga huko wanaanza saa ngapi.

Na wewe Rosalia, samahani. Nimeiandika hapa ili isikatike.

Editha


Mbande
7 Julai 2024

Wifi Editha,

Shikamoo! Ungebaki siku tano tu. Najua shule haingoji, lakini ungebaki siku tano tu!

Ulipoondoka Cyprian alirudi peke yake kwenye lile dungu la kulindia ndege mlilojenga, anavuta kamba za makopo kwa mkono wa kushoto na kuwafokea ndege kama anawajua kwa majina. Akasema chiriku wamekuulizia, yule mama mwenye filimbi ya shule yuko wapi. Tangu alale pale juu amenenepa.

Tulikata Jumatatu na Jumanne, tukapiga Jumatano na Alhamisi, tukapeta Ijumaa upepo ulipokuja vizuri. Jana ikawa siku ya kujaza. Bonde zima lilikuwepo, sharti lako nani hakulijua? Mama Albano ameshika sindano ya kushonea, Kornelio anajaza, Cyprian anahesabu kwa sauti. Na Bwana Gozbert naye akaja, wifi, kasimama kwenye tuta na viatu vyake, mikono nyuma.

La sita likashonwa. Hapo ndipo tulipokuwaga tunakunja turubai. La tisa. Mie nilikuwa naangalia rundo, siangalii magunia. La kumi na moja likajaa, Mama Albano akasimamisha sindano. Bwana Gozbert akauliza, "Ngapi hilo?" Cyprian akamwambia, "Bado tunashona, mzee."

Kornelio akatia debe, akatia debe, akashindilia na goti. Lilipofungwa mdomo, Cyprian hakusema namba. Alinitazama tu. Mie nikakaa kwenye makapi, nikawa nacheka na machozi yanatoka, wakina mama wananirushia mpunga kichwani kama bibi harusi. Hata nilipoinuka, rundo lilikuwa bado lipo! Tukaendelea. Kumi na saba, wifi! Kumi na saba, na la kumi na nane limefika nusu, na jaruba moja lilichukuliwa na maji.

Bwana Gozbert kabla ya kuondoka akanivuta pembeni. Anataka magunia mawili, mkewe anapenda mchele mpya, nitaje bei. Nikamwambia, "Mzee wangu, huu hauuzwi, ni wa kula. Lakini sufuria iko jikoni, karibu ukae." Akavua viatu. Alikula sahani mbili.

Nusu gunia lile nimeligawa mbegu. Wakina mama kumi na mmoja wameomba, na wote wamekata kamba za mafundo. Za kwetu nimeziweka juu ya dari, mbali na chakula.

Rosalia


Ubaruku
21 Julai 2024

Rosalia,

Nilisoma mpaka "kumi na saba" nikapiga kelele, Mama Tupokigwe akaruka ukuta akidhani kuna nyoka. Nilimsomea yote. Anasema mwakani palilia mara nne, utafika ishirini.

Bwana Gozbert nimeshamwambia. Hakubishana. Aliniambia, "Mwalimu, ningekuwa wewe nami nisingeuza."

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Nimekwenda kwa wakili huko Rujewa. Nusu yangu ya shamba nimeiandika kwa jina lako. Siyo la Cyprian, yeye ana nusu yake. La Rosalia. Soma taratibu, utie sahihi palipo na alama, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Na likipimwa tena kwa futi, pima wewe.

Umeniambia mara nyingi kwamba pale huna chako. Usiniandikie hivyo tena.

Editha


Mbande
18 Februari 2025

Wifi yangu,

Shikamoo. Barua yako ya Mwaka Mpya niliipata. Sikujibu mapema kwa sababu ya vitalu. Safari hii viko kumi na viwili bondeni, vyote vya ukubwa wa kitanda, na mie nazunguka na yai langu kwenye ndoo za watu kama mganga. Mkono wa Cyprian umeanza kushika kijiko. Hajashika patasi, lakini kijiko ameshika.

Leo nakuandikia kwa jambo dogo tu.

Leo ni Jumanne. Si sikukuu, hatuna mgeni, hakuna anayeumwa. Ni Februari, mwezi ambao mie kila mwaka nilikuwaga napima mchele kwa kikombe cha chai na kuwaambia watoto nimeshakula. Asubuhi niliingia ghalani kuangalia, yamebaki magunia tisa mazima. Nikachota debe, nikapeleka mashineni, nikapika wali na maharage ya nazi. Mchana, siku ya Jumanne, bila sababu.

Watoto walirudi shule wakaanza kula huku wanasimuliana habari za mwalimu wao. Hakuna aliyeangalia sufuria kuona imebaki kiasi gani. Yule mdogo alipotosheka akasukuma sahani, akakimbia kucheza. Wali umebaki kwenye sahani, kama viganja viwili.

Nilifungua mdomo nimwite nimkaripie, arudi amalize, chakula hakitupwi. Cyprian akaniwekea mkono begani. Ule wa kulia.

"Mwache," akasema. "Ameshiba."

Nikamwacha.

Wako,
Rosalia